Kalamu za Mguu wa Kitanda

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Goti limepona, au bado unalibembeleza? Sisi wazima, ila sauti yangu imekauka kwa kumsifu mwanangu kila duka ninaloingia. Juzi muuza sabuni aliniambia, kwa upole, kwamba habari hiyo alishaisikia mara mbili. Nikamwambia ya tatu haitamuua.

Binti yetu amepewa mashine yake mwenyewe ya kukereza kalamu za mbao pale karakana anakofanya kazi! Na nusura tuikose.

Fundi mkuu ana msimamo wake: kila mti lazima ulowekwe kwenye dawa, ile gundi nyepesi ya buluu inayovutwa ndani ya mbao kwa pampu, kisha uokwe kwenye oveni hadi ugumu. Bila hivyo, alisema, kalamu itapasuka. Mwanangu, unamjua mdomo wake, akamjibu mbele ya watu kwamba dawa ni ya mti laini au ulioliwa na wadudu. Mti mgumu uliokauka miaka na miaka haunywi kitu. Fundi akamwambia basi athibitishe. Atengeneze kalamu tatu za mti usiolowekwa, zikae mwezi mzima. Zikipasuka, arudi kufagia vumbi la mbao. Zikipona, mashine ni yake.

Ndipo akaniomba mguu wa kitanda cha marehemu mama. Usinune, kitanda chenyewe kilishavunjika. Akaukata vipande, akaviacha mezani jikoni, akatoka.

Mwezi ule nilikonda, mimi! Siku ya siku nikaenda karakana nimevaa lile gauni nililoshona kwa harusi yako. Fundi akazigeuza kalamu, akapitisha ukucha, akavaa miwani. Hakuna ufa. Bado hakuridhika, akachukua moja akaichana katikati kwa msumeno. Nilijikuta nimekaa chini bila kukaribishwa. Ndani mti ulikuwa mwekundu mtupu, hata tone la buluu hakuna. Fundi akacheka, akasema msichana huyu atakuja kumfukuza kazi, akamkabidhi ufunguo.

Wote walidhani nalia kwa furaha. Wewe nakwambia ukweli. Siku ile vipande viko jikoni, mimi ninayejigamba mji mzima nilishindwa kumwamini mwanangu. Nilivitumbukiza kwenye chupa ya dawa anayojifunzia hapa nyumbani, nikawasha pampu yake kama nilivyomwona akifanya, saa nzima, kisha nikavifuta na kuvirudisha. Nilitaka zisipasuke. Baadaye ndipo ikanijia akilini: vikiwa vimekunywa dawa, ataonekana mwongo mbele ya karakana nzima, na mwongo ni mimi.

Tulipofika nyumbani nikamweleza yote. Akasema alijua tangu siku ileile, vidole vyangu vilikuwa buluu. Alikata ncha ya kipande kimoja, akakuta ndani pakavu kama unga, ndipo akajua kwa hakika kwamba ameshinda. Mwezi mzima nilipokuwa nakonda, yeye alikuwa analala fofofo! Nikamuuliza mbona hakunipunguzia mzigo. Akajibu kwamba aliyemkosea ni mimi, basi alikuwa anasubiri niseme mwenyewe.

Nimesema, mdogo wangu, na moyo umekuwa mwepesi. Na mtoto mwenye akili namna hiyo unadhani kamrithi nani?

Wabusu watoto, na goti ulipumzishe.

Ni mimi dada yako,
Mama Fundi (ndivyo wanavyoniita sasa, nimewaomba)