Mezani Kwangu Hakuna Aliyeondoka Mikono Mitupu

Shamba la Tiefenthaler,
Barabara ya Kaskazini,
Halbach, Iowa.
14 Mei 2023

Kwako Dada Arlene mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko Arizona na joto lenu? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Leon ameshapanda mahindi yote ya upande wa kijito, sasa anangoja udongo wa bondeni ukauke apande soya. Mgongo unamuuma lakini hasemi, anapanda trekta polepole kama mtu anayepanda kitanda cha hospitali. Mimi sina ugonjwa wowote. Daktari alinipima akasema moyo wangu ni wa msichana, nikamwambia kama ndiyo kwanza anajua amechelewa.

Leo ni Siku ya Akina Mama na binti yangu Kendra amenikataza kugusa sufuria, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Nasikia harufu ya viazi vinaungua. Sitasema kitu.

Barua yako ilifika Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Nimesoma ombi lako kwamba nikusaidie tena, nimelisoma mpaka mwisho, na jibu lipo. Ila nimeliweka mwishoni mwa barua, na usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka vitabu vya shule. Kwanza nina habari za mwanetu Kendra, maana habari hizo na jibu langu vinakwenda pamoja.

Kazi yake imepanda. Siku hizi ukimtaja Kendra Tiefenthaler kwenye ofisi za jimbo, watu wanainua vichwa. Jimbo zima lina mpango wa kuwakinga vijana na pombe, vidonge na kamari, na yeye amepewa wilaya zetu hizi za magharibi. Anaingia mashuleni, makanisani, hata kwenye mnada wa ng'ombe amesimama akaongea na wanaume wakazima injini wamsikilize. Mwezi wa tatu walimwita Des Moines akahutubie bungeni, chini ya lile kuba la dhahabu. Nilikwenda naye. Nilivaa gauni la bluu, nikakaa mbele kabisa, na mheshimiwa mmoja akaniuliza kama mimi ni dada yake. Picha ilitoka gazetini. Kiwiko kinachoonekana pembeni ni changu.

Baba yake bado hajaielewa kazi yenyewe. Alimuuliza mezani, "Sasa mama, unalipwa kuwaambia watu waache?"

"Hapana, Baba. Nalipwa kuwaambia kabla hawajaanza."

Leon alitafuna akafikiri. "Na wasipoanza, utajuaje kuwa ni wewe?" Kendra alicheka mpaka akakohoa. Kichwa kile amekitoa kwangu, si kwa baba yake.

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe. Unaikumbuka sherehe yetu ya baada ya dansi, maana uliwahi kuja kutukatia pai. Watoto wa miaka miwili ya mwisho wanacheza dansi yao, kisha wazazi tunawafungia kwenye ukumbi wa michezo wa shule mpaka kupambazuke, ili asitokee wa kwenda kunywa bia kule machimboni halafu akashika usukani. Aliyeianzisha ni Rita Wernimont, mwaka uliofuata baada ya kumzika mwanawe Craig, aliyekufa garini usiku wa dansi. Tangu hapo kijiji hiki hakijamzika mtoto kwa sababu ya usiku huo. Hilo hata Kendra halipingi.

Na kilichokuwa kinawashikilia watoto ndani ni kasino yetu. Delmar Pottebaum, yule muuza mbegu, alikuwa kwenye gurudumu. Mimi nilikuwa kwenye meza ya karata ya ishirini na moja, nimevaa kizibao cheusi na tai ya kipepeo. Noti zilikuwa za kuchezea, zimechapwa sura ya mwalimu mkuu, na mwisho wa sherehe mtoto alizibadilisha kwa zawadi, friji ndogo au televisheni. Foleni ya kwangu ilikuwa ndefu kuliko zote. Kwanza kwa sababu nachanganya karata zikasikika kama njiwa wanaruka. Pili kwa sababu mezani kwangu hakuna mtoto aliyeondoka mikono mitupu. Akiishiwa namwita, "Njoo mwanangu, lete mikono," namjazia noti, anarudi kucheza. Wote tulifanya hivyo, tusingependa mtoto anune usiku wake wa dansi. Mimi nilijaza zaidi.

Basi mwaka huu Kendra alikuja kwenye kikao cha wazazi, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya misa. Alisema ofisi ya jimbo ingependa kusimama na sherehe yetu, lakini haiwezi kusimama na kasino. Akaomba tuziondoe meza.

Hebu fikiria alikuwa amesimama mbele ya nani. Rita yupo pale kwenye kiti cha kwanza, na mtoto niliyemzaa mimi anataka kuigusa sherehe iliyozaliwa kaburini kwa Craig. Nilijua akikosea neno moja tu, hatakuwa na uso wa kuja nyumbani tena, na mimi nitakuwa nanunua maziwa mji wa pili.

Delmar alianza. "Kwa hiyo tuwafungie ndani wapake rangi picha za sungura?"

Watu wakacheka. Alipoona wanacheka akaongeza, "Kendra, wewe mwenyewe ulishinda friji kwenye gurudumu langu. Bado inagandisha?"

"Inagandisha, Mzee Delmar."

"Basi gurudumu lilikukosea nini?"

"Halikunikosea kitu," akasema. "Halikumkosea mtu yeyote, na hapo ndipo penye shida. Hapa kwetu ukipoteza unaongezewa. Mtoto anacheza kamari mara ya kwanza maishani mwake, usiku mzuri kuliko yote, na anachojifunza ni kwamba ukiishiwa anatokea mtu mwema anakujaza mikono. Mwaka unaofuata ana simu, anabeti mpira, anaishiwa. Halafu anakaa anamngoja yule mtu."

Hakupaza sauti.

Rita akauliza, "Nani alikuwa anawaongezea?"

"Mama Rita, sikuja hapa kutaja watu."

"Mimi," nikasema. "Na niliwaongezea vizuri."

Wakacheka tena, Rita hakucheka. Kendra aliiva uso kama nyanya. Sikuwa na hasira, Dada, nilienda tu kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nikiwa pale kwenye sinki nikamsikia Rita. Alikuwa anakizungusha kikombe chake juu ya meza, unamjua mtindo wake. Akasema, "Craig hakufa kwa kukosa karata. Karata tulizikuta mfukoni mwake. Alikosa mahali penye taa, na mtu wa kumwambia kaa hapa ule. Mimi niliomba mlango mmoja wa kuwafungia. Karata mlizileta ninyi."

"Tulizileta ili wasitoke mlangoni, Rita," akasema Delmar, na safari hii hakuwa anatania.

"Najua, Delmar. Nakushukuru. Sasa tafuta kingine."

Kikao kikaisha hapo. Delmar alitoka akinung'unika kuwa yuko tayari kuweka dau kwamba watoto wataondoka wote kabla ya pai kuletwa. Hakupata mtu wa kuwekeana naye.

Sherehe imefanyika wiki iliyopita na nakueleza nilivyoiona. Gurudumu Delmar hakulitupa. Alilibandika majina ya wazazi pande zote, na jina litakalosimama, mwenye nalo anapigwa pai ya krimu usoni. Jina lake lilitoka mara nyingi mno, na mimi nawashuku watoto walilegeza msumari. Zawadi walipewa kwa bahati nasibu ya mlangoni, kila mtoto tiketi moja, sawa kwa sawa, hakuna ya kuongezwa. Aliyeondoka ni mmoja tu, na aliondoka na mama yake kwa sababu ya jino.

Mimi nilipewa meza ya chakula. Kusema kweli walinibembeleza. Nilipika madonge ya nyama ya nguruwe, mikate ya nyama ya kusaga, na saladi ya viazi ambayo hakuna wa kuniiga katika wilaya hii, hata wewe unalijua hilo ingawa hukuwahi kulisema.

Akanijia Tessa, mjukuu wa Delmar, yule mrefu anayecheza mpira wa wavu. Mwaka jana alikuwa hatoki mezani kwangu. Akasema, "Bi Marlys, meza yako iko wapi?"

"Umesimama mbele yake."

"Nimezoea uniongezee."

"Lete sahani."

Akala pale pale, amesimama. Kisha akatoa simu mfukoni akailaza mezani kifudifudi, karibu na haradali. "Unaweza kunishikia hii mpaka asubuhi? Kuna mechi inachezwa pwani ya magharibi."

"Unaipenda timu hiyo?"

"Hata siijui," akasema.

Sikumuuliza zaidi. Niliitia kwenye mfuko wa aproni. Ilikuwa inatetemeka pale kila mara kama kifaranga ndani ya kiganja. Alirudi kujaza sahani, akarudi tena, hakuiomba. Asubuhi nilimpa simu yake pamoja na kadi ya Kendra yenye namba yake, na akaiweka kadi ndani ya kiatu ili babu yake asiione. Usimwandikie Delmar habari hii.

Niliporudi nyumbani niliikuta ile barua yako juu ya kabati, nikaisoma upya. Sasa nakujibu.

Barua ya kwanza ulisema ni paa. Nikatuma. Ya pili ulisema ni gari. Nikatuma. Hii unasema ni meno. Na katika kila barua, kabla ya paa, kabla ya gari, kabla ya meno, kuna hadithi ndefu na ya kuchekesha kuhusu lile basi la Jumanne linalowabeba wazee kwenda kwenye mashine za kamari, dereva alisema nini, mezani mlikula nini, na jinsi ulivyokaribia kushinda. Nilizisoma zile hadithi kwa sauti, Leon akicheka. Wakati Kendra anasema pale kikaoni kuhusu mtu anayekaa akimngoja mwema wake, alikuwa anawaza watoto. Mimi nilikuwa na kitambaa cha vyombo mkononi, nikakuwaza wewe.

Safari hii situmi, Dada. Sina hasira na wewe, na Kendra hajui kama nakuandikia hivi. Anajua kuunguza viazi tu.

Lakini chumba cha mashariki nimekifagia na kitanda nimekitandika ile shuka ya mama. Leon akimaliza soya atakuja kukuchukua na gari letu. Amesema mwenyewe, na unajua Leon haongei bila kumaanisha. Kama ni meno kweli, mji wa Carroll una daktari mzuri na mimi nitakaa nje nikungoje, nitamlipa mwenyewe hapo hapo. Kama si meno, utakaa nasi mpaka tukuchoke, na sisi hatuchoki upesi. Njoo na mikono mitupu hivyo hivyo. Sahani ninazo.

Ndani ya bahasha utakuta ile picha ya gazetini ya Kendra. Nyuma yake nimeandika namba ya simu ya wanaosaidia watu wa kamari huko kwenu, amenitafutia nilipomwambia ni ya rafiki. Wanapokea mchana na usiku na hawaulizi jina lako. Usipoipiga, angalau utabaki na picha, na utaona jinsi kiwiko changu kilivyotoka vizuri.

Nisalimie binamu Donna na mumewe, na yule jirani yako mwenye kasuku. Rita anakusalimu, anasema pai yake ya tufaha bado anakudai uisifu. Leon anakusalimu kwa kuinua kofia, ndivyo alivyoniagiza niandike. Mungu akulinde unapolala na unapoamka, na Jumanne akulinde zaidi.

Niandikie tarehe ya Leon kuja. Nikiikosa, atakuja tu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda tangu uliponifundisha kufunga viatu,

Marlys