Wote Walidhani Ni Mama Yake

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwanza kabla sijaanza kulalamika, maana nikishaanza nitasahau salamu, nawe utasema mdogo wako hana adabu. Goti linaendeleaje? Shemeji ameanza kusikia vizuri, au bado anasikia yale anayoyataka tu? Wanangu wabusu wote, hata yule mkubwa anayejifanya amekua. Sisi huku hatujambo. Mama jino limetulia, kwa hiyo amerudi kuwatafuna majirani.

Umeniuliza kama yule msichana anayelia kwenye video ndiye Chiriku wetu, na yule mwanamke anayemkumbatia ni nani, "mzuri hivyo". Hilo "mzuri hivyo" lilinikwama kooni kama mwiba. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ningelia au ningedanganya, na wewe hunijua katika yote mawili. Nimefunga mlango wa karakana, nimesukuma mabaki ya sponji pembeni ya meza, nakuandikia.

Ndiyo, ni Chiriku. Na yule ni mke wa baba yake.

Unajua tulivyokubaliana tulipoachana. Siku za shule mtoto anakaa kwa baba yake kwa sababu nyumba iko karibu na shule, mwisho wa wiki anakuja kwangu. Niliona ni sawa, na mpaka leo kwa akili naona ni sawa. Yule mwanamke hupima watu macho na kuwauzia miwani, kwa hiyo mimi moyoni humwita Mama Miwani. Sina neno baya la kusema juu yake, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mchawi ningepumzika. Lakini yeye humfulia mtoto sare, humkumbusha kunipigia simu, na tukikutana mlangoni hunisalimu kwa heshima mpaka nakosa pa kushika.

Sasa hiyo gemu waliyokuwa wanaimaliza kwenye video. Nitakueleza kifupi, maana bila hiyo hutaelewa kilio. Ina sehemu nne, zimetoka moja moja kwa miaka, na Chiriku amekua nazo. Ni habari ya msichana anayeitwa Mbeba Taa. Mwanzoni kabisa mama yake anachukuliwa na watu wa mnara, yeye anabaki na taa mkononi. Tangu hapo kazi ni moja tu, kumtafuta mama. Anavuka miji iliyofukiwa na theluji, anapigana na madubwana, analala mapangoni. Sehemu ya pili anakutana na mhunzi, mwanamke mnene mwenye matusi mengi, ambaye anafuatana naye na kumtengenezea taa kila inapovunjika. Sehemu ya nne ndiyo ya kufunga hadithi. Wacheza gemu wote walikuwa wanasubiri mtoto amwone mama yake.

Basi akamwona. Mnara ukafunguka, mama yuko hai, nywele zimekuwa nyeupe, anamnyooshea mikono. Msichana akaiweka taa miguuni pa mama, akambusu kiganja, akageuka, akarudi mlangoni alikosimama mhunzi. Wakaondoka wawili. Mama akabaki na taa. Majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupanda kwenye kioo, na hakuna pa kubonyeza useme hapana.

Dada, watu walikasirika! Mmoja alivunja padi ya kuchezea ukutani, akapiga picha vipande. Wengine wakakusanya saini kudai mwisho mwingine. Mchoraji mmoja akachora mwisho wake mwenyewe, wote watatu wanakunywa chai. Waandishi wa gemu wakatukanwa mpaka bibi zao waliolala makaburini. Upande wa pili wakatokea waliousifu, wakasema huo ndio mwisho wenye utu kuliko yote. Wakajigawa makundi mawili kama timu za mpira. Waliokasirika wakajiita Watu wa Mnara, walioridhika wakajiita Watu wa Njia. Na hawa wa Njia walikuwa na msemo wanaoubandika kila mahali: "Mama ni aliyetembea nawe."

Mimi yote hayo nilikuwa siyajui. Nilikuwa hapa karakana, nimepiga goti mbele ya kochi, navuta kitambaa kwenye kona na kukipigilia pini. Mwenye kochi ni muuguzi, alikuwa amekuja kuona kazi imefika wapi, amekaa kwenye stuli, anacheka na simu yake huku anafuta machozi. Akaniinamishia simu, akaniambia, "Fundi, hebu tazama hawa mama na mwana, wameniua."

Nikamwona mwanangu. Amejiziba mdomo kwa mikono miwili, anapiga kelele, kisha anamwangukia Mama Miwani begani. Na yule naye analia, miwani imeenda upande, anamfuta Chiriku kamasi kwa mkono wa blauzi yake mwenyewe. Si kitambaa, dada. Blauzi. Nikasema, "Wanapendeza," na pini iliyofuata nikaipigilia kwenye kidole changu.

Jioni hiyo niliitafuta ile video mwenyewe. Laiti ningejua nisingesoma maoni. Watu wasio na idadi, kutoka kila pembe, na wote wanasema neno moja kwa lugha mbalimbali. Kwamba wameguswa na mama huyu na binti yake. Kwamba wamefanana. Wamefanana, dada! Lile paji la uso alilolitoa kwa mama yetu, yule wa miwani amelipatia wapi? Mwingine aliandika kwamba baada ya kuwatazama alimpigia mama yake waliyekuwa hawasemezani. Nikaona hata baraka zangu zinagawiwa na mtu mwingine.

Chiriku alipokuja mwisho wa wiki alikuwa hashikiki kwa furaha. Akaniuliza kama nimeona idadi ya watazamaji. Nikamuuliza mbona hakuwaambia watu kwamba yule si mama yake. Akacheka, akaniuliza atawaambia mmoja mmoja mpaka lini. Kisha akala, akalala, na mimi nikabaki nimeishika simu kama mtu aliyeshika kaa la moto na hataki kuliachia.

Hapo ndipo nilipojiunga na Watu wa Mnara. Usicheke. Mimi ambaye sijawahi kushika padi, nilijiandikisha kwa jina la Kochi Moja, nikaingia vitani. Nilikuta vijana wenye picha za mafuvu na mazimwi badala ya sura, wana hasira kama yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe talaka nikajihisi nina ndugu wengi. Niliandika kwamba mama hakuondoka, alichukuliwa. Kwamba mhunzi alitembea kwa sababu hakuna aliyemfunga miguu. Kwamba ni rahisi kumsifu mwenye njia na kumsahau mwenye minyororo. Dada, walilipenda neno langu! Lilisambaa. Wengine wakaliweka juu ya picha ya mnara.

Likafika mpaka kwa Chiriku. Tulikuwa tunakunywa chai, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti, na mimi nikasubiri kama mwanafunzi anayesubiri alama. Alipomaliza akasonya. Akasema, "Huyu Kochi Moja anajua kusema, lakini hajacheza. Angecheza asingeandika hivi." Nikamuuliza angejua nini. Akasema ni kitu ambacho hakielezeki, lazima mtu atembee mwenyewe. Nikaisukuma simu yangu chini ya kitambaa cha meza.

Basi nikamwambia anifundishe. Akaenda kuuleta mtambo wake wa gemu kutoka kwa baba yake, tukaanza sehemu ya kwanza. Jamani! Kuna shimo moja karibu na mwanzo kabisa, mtu anatakiwa kukimbia, kuruka, na kuinua taa kwa wakati mmoja. Nilidumbukia mpaka Mbeba Taa mwenyewe nadhani alinichoka. Chiriku alianza kwa kunicheka, akaja kuguna, mwishoni akanipokonya padi na kusema nabonyeza kama napigilia pini. Halafu, bila ubaya wowote, akatamka kwamba Mama Miwani alilivuka shimo hilo siku ile ile aliyoanza. Nikasimama nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Sasa nisikilize vizuri, maana haya sijamwambia mtu.

Juzi mchana Mama Miwani alikuja karakana peke yake, amekumbatia mto wa kochi. Akasema zipu imekwama. Nikaivuta, ikaenda na kurudi vizuri kabisa. Tukatazamana. Nikamwonyesha stuli, akakaa, akaanza kufuta miwani yake kwa upindo wa sketi. Nikadhani amekuja kunishtaki kwa kumchelewesha mtoto, nikaandaa majibu. Lakini akasema, "Dada, ile video si nzima. Nilikata mwisho wake kabla Chiriku hajaiona." Akanipa simu.

Mwanzo ni ule unaoujua. Kilio, kukumbatiana, blauzi. Halafu panapokatika kwenye ile ya watu wote, hii inaendelea. Chiriku anainua kichwa, anajitoa mikononi mwa yule mwanamke, anaanza kupapasa kwenye kochi. Anasema, "Simu yangu iko wapi? Nataka kumpigia mama. Amemwacha peke yake na taa, nataka mama." Anaipata, anapiga. Inaita. Haipokelewi. Anapiga tena. Ni siku ile nilikuwa na ule mtambo wa upepo wa kupigilia pini, unaonguruma kama lori, na simu imo mkobani nyuma ya magunia ya sponji. Nakumbuka nilimpigia baadaye, akaniambia alikuwa anataka kunisalimu tu. Kwenye video anaiweka simu chini na kulia upya, kilio kingine kabisa, cha chinichini, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo akiumwa sikio.

Mama Miwani aliniambia alikata kwa wivu. Alitumia neno hilo hilo, hakulizungusha. Alisema watu walipoanza kumwita mama yake Chiriku, aliwaacha, kwa sababu ilikuwa tamu, na yeye hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Kisha utamu ukageuka, akawa hali vizuri. Akasema nikitaka ataiweka ile nzima, na ataandika wazi kwamba yeye si mama.

Dada, hapa ungetaka nikuambie kwamba nilimshika mkono. Sikumshika. Nilifurahi! Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kama mtu aliyeshinda karata msibani. Nikamwambia airudishe nione tena. Akairudisha, maskini, akakaa kando yangu ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza nilikuwa nimemtazama mtoto tu. Mara ya pili nikamtazama yeye. Chiriku anapojitoa, mikono ya yule mwanamke inabaki hewani, imejikunja vile vile, imezunguka mtu ambaye hayupo. Hajui aiweke wapi. Anaitazama simu inayoita, na uso wake unasali isipokelewe.

Ule uso naujua. Ndio nilioenda nao kazini na kurudi nao tangu niione ile video.

Nikamwambia asiiweke mtandaoni. Akaanza kunishukuru, machozi yanamlengalenga, akasema nina moyo mkubwa. Nilimwacha aamini. Wewe nitakuambia kweli: sikukataa kwa huruma. Nilikataa kwa choyo. Sikutaka wale watu wote wamsikie mwanangu akinitaka, wakatie maoni, wakaandike juu yake misemo yao. Waende na blauzi, waende na kufanana. Hiki kipande ni changu. Nilimwambia anitumie mimi, kisha akifute kwake, na nikasimama hapo hapo nikihakikisha amekifuta. Alipoondoka alisahau mto wake. Na wivu haujaniisha, usidhani. Umepungua kidogo tu, kama homa inayomruhusu mtu kunywa uji.

Jumapili Mama Miwani anakuja hapa, tukae naye mimi na Chiriku. Mimi ndiye niliyemwalika, kwa sababu Chiriku amekataa katakata kunifundisha tena, na shimo bado sijalivuka. Wanasema Mama Miwani ni mwalimu mvumilivu, na hilo nalo nimelimeza. Nimekwisha kupanga viti: Chiriku kati, yeye upande wa dirisha penye jua la machoni, mimi upande wa kivuli. Nataka nifike mnarani kwa miguu yangu nione kama kile kitu kweli hakielezeki. Kama nikifika na bado nimekasirika, Kochi Moja ataandika tena, na safari hii hakuna atakayemwambia hajacheza.

Salamu zangu kwa shemeji, umpigie kelele azisikie. Wanangu waambie shangazi zao wa mtandaoni wapo wengi lakini mama mdogo ni mimi. Goti ulikande kwa maji ya moto, usiwe mkaidi. Na ukiitazama tena ile video usiandike kitu. Hasa usiandike "mzuri hivyo".

Nakupenda, nakungoja.

Ndimi mdogo wako,
Mama yake Chiriku