Magogo Kumi na Moja

4 Machi

Mama yangu,

Pokea salamu za baba yako. Sijambo, ukiacha goti, na hilo limeshakuwa mwenyeji humu ndani, halina haja ya kutajwa. Wewe je? Miguu bado inavimba kwa kusimama kwenye pasi za hoteli kutwa nzima?

Ile kambi ya ndani kabisa ya hifadhi sasa imekaribia. Tunaojitolea tuko tisa, na mzee kuliko wote ni mimi. Kazi yetu ni kutembea tutafute mahali pa kulala watu bila kuuharibu msitu, kisha tuwaambie wakubwa wa hifadhi: hapa mahema, hapa choo, hapa msiguse. Miaka thelathini nimesambaza barua kwa miguu, nikasema hii kazi ni yangu. Thubutu! Jumamosi nimekaa chini mara mbili kabla hatujafika hata kwenye chemchemi. Na kila nikikaa, katibu wetu, yule mwalimu mstaafu, anaandika kitu kwenye daftari lake. Nadhani ananishtaki.

Ahadi yetu iko palepale. Siku kambi ikifunguliwa, hema moja, wewe na mimi. Omba likizo mapema.

Baba yako


29 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ila nimechoka, Baba. Nikirudi kazini nakaa kitandani na viatu miguuni, nasahau kuvivua, nashtukia kumekucha.

Mwaka huu nimepewa likizo ya siku nne tu. Nimemwambia msimamizi zote ni za kambi. Akaniuliza, "Unakwenda kupumzika porini?" Nikamjibu nakwenda kulala na mzee anayekoroma, na nalipia nauli yangu mwenyewe. Walicheka wote mle katika chumba cha pasi.

Lakini sitanii. Hizo siku nne ndizo zinazoniamsha asubuhi. Kamati yenu isiniangushe.

Kitindamimba wako


17 Mei

Marahaba, mwanangu.

Huku wazima. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi, basi naanza tu.

Mahali palipobaki ni pawili. Pa kwanza ni pale kwenye chemchemi, mwendo wa saa moja kutoka langoni. Pa pili ni uwanda wa juu, mwendo wa saa nne kwa mwenye miguu. Kura zilikuwa nne kwa nne, ikabaki yangu. Watu wote wananitazama! Mama, pale kwenye chemchemi wanyama wote hunywa, na maji yale yale ndiyo yanayoshuka hadi kwenye mabomba ya watu. Nilichimba mwenyewe kwa jembe mahali panne nikitafuta pa kuweka choo. Kote ni tope. Nikanyoosha mkono kuchagua uwanda wa juu.

Huko juu nimefika mara moja. Tuliondoka saa mbili asubuhi, wenzangu wakafika saa sita, mimi saa nane na robo. Kushuka walinishika mikono kwa zamu kama bibi harusi. Daktari amecheka, akasema nikitaka kupanda tena kwanza nilizoeze goti, halafu nijipe siku mbili nzima.

Kambi inafunguliwa tarehe 10 Agosti. Nenda wewe. Najua ahadi nimeivunja kwa mkono wangu.

Baba yako


2 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Najua ukikasirika unanyamaza, tangu ukiwa mdogo. Sikupiga kura ili nikukimbie. Inaniuma, basi tu.

Likizo usiipoteze.

Baba


14 Agosti

Baba, shikamoo.

Nilikasirika, na bado sijamaliza. Ungeniuliza kwanza. Nilikwenda ili nipate la kukulaumia vizuri.

Katibu wenu alinipokea langoni. Baada ya nusu saa hivi tukakuta gogo kando ya njia, limechongwa juu likawa bapa. Akaniambia, "Kaa. Hapa ndipo baba yako alipokaa mara ya kwanza." Kumbe ndicho alichokuwa anaandika! Anasema wao wenye nguvu wasingekumbuka kuweka hata kiti kimoja, kwa hiyo wakafuata ulipochoka wewe.

Magogo yako kumi na moja, Baba. Nimeyakalia yote. Si kwa heshima, ni kwa kuchoka. Kwenye la tisa nilivua viatu nikalia, na mwalimu akajifanya anatazama ndege.

Huko juu ni pazuri, na pakavu. Ulichagua sawasawa. Ila hema ni kubwa kwa mtu mmoja.

Sasa sikiliza. Gogo la sita liko mbele ya kibanda cha askari wa hifadhi, na nimeshawaomba: wamekubali tulale hapo njiani. Siku mbili kupanda, siku mbili kushuka, ndizo siku zangu nne za mwakani. Daktari alisema ulizoeze goti. Umelizoeza, au umekaa unajihurumia?

Kitindamimba wako


30 Agosti

Mama yangu, marahaba.

Sijambo. Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena.

Leo nimekwenda hadi dukani na kurudi. Nimekaa mara tatu. Mara ya tatu hapakuwa na pa kukaa, nikakaa kwenye ngazi za watu, mwenye nyumba akatoka akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia nakwenda kambini.

Kesho nitajaribu kukaa mara mbili.

Baba yako