Alternateri Ndani ya Kikwembe

Wamaza

Kwako Alain, mutoto wangu wa kwanza,

Tuko wazima, na mihogo iko mingi. Alternateri ya gari ya kituo cha afya, ile yenye kuchaji batri, ilifika, imefungwa ndani ya kikwembe, kitambaa kile nilichokuomba. Shofa Tambwe, mwenye kuendesha gari ile, alicheka: "Mama Alain, mutoto wako amenunua kubwa mno. Ya zamani ilitosha taa." Nikamujibu kwamba wewe uliuliza kwanza gari inabeba nini.

Juma lililopita dada yako Cadette alizaa musichana asiyepumua vizuri. Tukawasha mashini ya hewa ndani ya gari. Unajua mwaka jana batri ilikufa njiani, mashini ikazima, mutoto wa Fifi wetu akafa, naye akarudi mikono mitupu. Safari hii haikuzima mpaka hospitali ya Kasongo. Tambwe alisema tu: "Mama Alain, sicheki tena."

Sokoni wamechoka na mimi. Ninawaambia wengine wamezaa wenye suti, mimi nimezaa mwenye kuchagua alternateri.

Mutoto anapumua vizuri, ninamubeba mugongoni na kikwembe kile. Kina alama ya grisi, na nimemukataza Cadette kuifua.

Aksanti, baba.

Mama yako anayejivuna,
Clémentine