Ubao wa Watu Wawili

Jumamosi, 3 Agosti

Leo nimeingia duka la mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Mara ya kwanza maishani, na umri huu! Fundi mwenye duka, wote wanamwita Kipara, kaniangalia tumbo kwanza, uso baadaye. Nikamwambia nataka ubao wa kupanda wawili, mimi na binti yangu. Nikaonyesha mmoja mwekundu, mzuri. Kacheka. Eti huo ni wa mtu mmoja, tena awe hajala. Wa wawili unataka urefu, upana, na unene wa kuwabeba wote. Akauliza uzito wetu. Wangu naujua. Wa binti nikasema kilo thelathini hivi. Kwa sauti ya kubahatisha. Kaniambia nikaulize vizuri.

Nimerudi mikono mitupu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimemuuliza binti uzito wake. Kaniangalia kama mtu aliyekosea nyumba. Wa nini? Nikasema wa dawa ya minyoo. Dawa ya minyoo! Mtoto ana miaka kumi na sita!

"Hamsini na mbili," kasema, kaingia chumbani kwake. Ndiyo maneno ya leo, hayo tu.

Hamsini na mbili. Mimi nilikuwa bado niko kwenye thelathini. Nilimwacha wapi?

Jumatano, 7 Agosti

Naandika maana sina wa kumwambia. Ubao wa mama yake niliuuza mimi. Ulikuwa umeegemea ukuta wa koridoni, mrefu, una kiraka cha bluu kwenye ncha ya mbele. Siku ile wiki ilikuwa haijaisha tangu tumzike. Binti yuko shule. Kapita mtu anatafuta ubao wa kununua, nikamuuzia. Binti aliporudi nikamwambia ulikuwa unaniumiza macho, kila nikiuona namwona mama yako.

Si uongo wote. Lakini uongo.

Kila Jumapili wao wawili majini, mama nyuma anaongoza, mtoto mbele anapiga kelele. Na mimi mchangani nalinda taulo na viatu, nimenuna. Waliniita. Njoo baba! Nikasema maji baridi. Niliwaonea wivu. Mke wangu na mtoto wangu mwenyewe! Na alipokufa wivu haukufa. Basi. Nimeandika.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimempa Kipara uzito sahihi, nikataja na jina la binti. Kashtuka. Kumbe wewe ndiye baba wa yule binti mrefu? Eti huja hapa mara kwa mara, anauliza kama kuna mtu ameleta ubao wenye kiraka cha bluu. "Nikajua mmeibiwa, mzee. Mwizi gani huyo hana hata huruma!"

Nikasema sijui. Nimesimama pale nikasema sijui!

Kanichagulia mweupe, mpana kama meza ya kulia. Mzito ndiye hukaa nyuma, anasema, ndiye anaongoza. Kwa hiyo wewe nyuma, binti mbele. Nikaitikia. Nimeubeba kichwani njia nzima, watu wananiuliza nahamia wapi.

Binti alikuwa mlangoni. Safari hii sikukwepa. Nimemwambia yote, hata wivu. Hakulia. Kasema tu: "Mama alijua. Alikuwa anasema, mwache baba yako, siku moja atalowa mwenyewe."

Kisha kafunga mlango wa chumba chake. Polepole. Bora angeubamiza.

Jumapili, 11 Agosti

Nimeamka, koridoni hakuna ubao. Kumbe binti yuko nao uani, ameulaza juu ya viti viwili. Anapaka nta, ile ya kuzuia miguu isiteleze. Niko dirishani jikoni, chai imepoa, naandika huku namchungulia.

Kaanza nyuma. Mahali pa mama yake, sasa pangu. Viduara vidogovidogo, taratibu, kama alivyofundishwa. Hana haraka.

Nyuma amemaliza. Mbele, mahali pake, hajagusa.

Sasa amekiweka kile kipande cha nta. Hajakirudisha mfukoni, amekiacha juu ya ubao, kule mbele, kama ananiachia mimi. Amekwenda bombani kunawa. Ananawa muda mrefu. Haangalii huku.

Kaptura yangu iko wapi —