Nyayo za Jenerose sayarini

Jumatatu, 3 Machi
Nimetua mwenyewe. Bila kushikwa mkono. Chombo kimegonga jiwe, lakini kimesimama. Mimi niliyeishia darasa la saba, hapa hapa Nyakitonto, nimeshusha chombo kwenye sayari. Nani mwingine kata hii?

Sayari imo ndani ya kompyuta ya binti yangu Jenerose. Ni mchezo. Alinifundisha kabla hajalazwa. Akanitengenezea na mtu wangu wa kutembea naye, mfupi, mnene, kofia nyekundu. Hakukosea. Binti yangu alikuwa na akili.

Tumemzika wiki tatu zilizopita.

Nyayo zake bado zipo kwenye vumbi kule. Nimepita pembeni, nisizikanyage.

Jumatano, 5 Machi
Hewa ya nyumba yetu kule imeshuka. Ilikuwa sitini, sasa thelathini. Nikizima inasimama, nikifungua inashuka. Inatengenezwa na bustani ya majani ya bluu, na bustani inataka kulimwa. Hewa ikiisha, mchezo unafuta sayari nzima. Na nyayo. Jenerose alinionya.

Sishiki jembe. Kwetu mfiwa halimi mpaka siku ya kuganduka, ndugu waje, tuondoe msiba, ndipo jembe liguse udongo. Maharage yangu yamemezwa na magugu, nimeyaacha. Nitalimaje huko juu?

Alhamisi, 6 Machi
Wifi Kezia kaja kutoka Kibondo. Anataka nitaje siku ya kuganduka. Nimesema bado. Nikamwonyesha sayari, nikajisifu kidogo. Nikamweleza na habari ya jembe. Kacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Jembe la kwenye kioo nalo lina msiba? Basi nikiota nalima mnitoze mbuzi."

Halafu akakifunga upya. Akasema, "Wifi, wewe huogopi mwiko. Unaogopa kingine."

Nikazima kompyuta. Nimemchukia mpaka jioni.

Jumamosi, 8 Machi
Hewa kumi na mbili.

Kezia alisema kweli. Nikishika jembe, nimekubali kwamba kafa. Ndiyo hiyo tu. Nimeandika.

Jumapili, 9 Machi
Nimetoka kanisani nikafungua. Hewa nne. Nimefuata nyayo zake mpaka mwisho. Siku zote nilidhani zinaenda kwenye chombo. Hapana. Zinaishia bustanini, kwenye tuta alilolima nusu. Jembe lake kaliegemeza ukutani. Pembeni yake kuna la pili, jipya. Mpini mfupi. Wa kimo changu.

Nimezima haraka, hewa isiishe.

Kezia alikuwa jikoni anachambua maharage. Nimekaa naye, tumechambua. Halafu nimemwambia apige simu Kibondo, na Nyabibuye kwa wajomba. Tutaanza na shamba. Wakishakula, nitaingia ndani nimalizie tuta lake.

Waje wote Jumamosi.