Kiungo cha Usukani wa Gari Jekundu

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mama Spana
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi wa magari (maneno "mama wa nyumbani" yamekatwa kwa msisitizo wa shahidi)
Makazi: Nyumba iliyo nyuma ya gereji, chini ya mteremko
Uhusiano na mlalamikaji: Baba yake mzazi
Uhusiano na mtuhumiwa: Mume wake

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa. Nimesikia mume wangu amewekwa ndani kwa kosa la kuiba kifaa cha gari la baba yangu. Mume wangu hajaiba kitu. Yeye ni fundi rangi, na hiyo stelingi hajui hata inaanzia wapi. Kifaa nimekitoa mimi, kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, Baba alileta gari lake gereji. Ni gari la spoti, jekundu, la viti viwili, lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Sisi wanawe tumelelewa tukiambiwa tusiliguse. Ufunguo alimkabidhi mume wangu, kama kawaida. Mimi aliniuliza habari za shughuli, maana Jumamosi hii binti yangu anaolewa, na babu yake ameahidi kumpeleka ukumbini kwa gari hilo, akiendesha mwenyewe. Alisema usukani umekuwa mzito, na kwamba ameshabadilishiwa pampu mahali pengine lakini bado.

Hapa nina jambo, afande, na uliandike. Tangu gereji yetu ifunguliwe, gari hilo nalitengeneza mimi. Mume wangu ananyoosha bodi na kupiga rangi. Amemwambia Baba mara nyingi, "Baba, fundi ni huyu." Baba hucheka mpaka akashika mbavu. Husema, "Mkwe wangu, kwa kumpamba mke hujambo!"

Nilianza kazi siku hiyo hiyo. Mafuta ya stelingi yalikuwa yamejaa, safi, hayana povu. Mkanda ulikuwa umekaza. Pampu mpya haikupiga kelele. Nikawasha injini, nikazungusha usukani taratibu: ukaenda, ukakwama, ukaenda, ukakwama. Pampu ikifa, usukani huwa mzito mwanzo mpaka mwisho, hauchagui mahali. Nikazima injini, nikapiga jeki hadi magurudumu ya mbele yakaning'inia, nikazungusha tena. Ukakwama pale pale. Kumbe pampu ya watu ilisingiziwa, kama mume wangu leo.

Nikaingia chini. Pale ambapo fimbo ya usukani inajipinda kwenda kwenye magurudumu, pana kiungo kama kiwiko cha mkono. Katika gari hilo kiungo kimepita karibu mno na ekzosi, lile bomba la moshi. Joto limekausha grisi, kutu imekula ndani. Kiungo kama hicho kinaweza kukugandia katikati ya kona, ukakata kulia na usukani usirudi tena.

Jumanne saa nne asubuhi nilimpigia Baba simu, nikamwambia gari lisiende popote. Akasema, "Mpe simu mumeo." Nikampa. Mume wangu akamwambia, "Baba, fundi amesema haliendi." Baba akasema, "Fundi si wewe?" Mume wangu akajibu, "Mimi ni mtu wa rangi, Baba." Baba akasema tusimletee mzaha, ameliendesha hivyo hivyo mwezi mzima, na kesho anakuja kulichukua.

Baba yangu namjua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe asiposikia afanywe nini, hawakutuachia neno. Kumficha ufunguo kusingefaa, anao mwingine. Basi nikapandisha gari juu ya stendi, nikang'oa magurudumu ya mbele asije akalishusha, nikafungua kile kiungo nikakitia mkobani. Gari lina viti viwili. Kimoja angekaa baba yangu, kingine binti yangu, na kutoka kwa Baba mpaka ukumbini ni mteremko, kona juu ya kona. Niliogopa. Andika hivyo, niliogopa. Na kwangu mimi heri lawama kuliko msiba.

Leo Jumatano asubuhi nilikwenda kwa wauza spea kutafuta kiungo kingine. Niliporudi nilikuta gereji imefungwa. Jirani yetu wa matairi akanieleza kwamba Baba alikuja, akaona gari limening'inia na usukani unazunguka bure, kiungo hakipo, akaita askari. Askari wakamuuliza mume wangu kifaa kiko wapi. Akasema, "Muulizeni fundi." Wakaona anawafanyia jeuri, wakamchukua na barakoa yake ya rangi shingoni. Afande, mume wangu alikuwa anajibu swali.

Baba yuko hapo nje kwenye benchi, na glavu zake za kuendeshea mikononi. Nilipompita nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Imeniuma, sifichi. Lakini kama kutoa kiungo kibovu ni wizi, basi mwizi ni mimi, na kibovu hicho sikirudishi mahali pake hata mniamrishe nyote kwa pamoja. Nakiweka hapa mezani, kizungushe mwenyewe. Mume wangu mtoeni. Mimi mkitaka niwekeni ndani, ila kazi yangu iandikwe sawasawa.

Nimesema niliyoyafanya, nimesomewa, na sifuti hata neno.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa, karatasi ina doa la grisi)

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Kiungo nimekizungusha, kinakwama. Mlalamikaji ameitwa ndani. Amevua glavu, amekizungusha mara kadhaa, kisha amemuuliza shahidi, "Jumamosi litakuwa tayari?" Shahidi amejibu, "Nikipata kiungo kizima. Nisipopata, mjukuu wako atapanda teksi, na wewe pembeni yake." Mlalamikaji amefuta malalamiko, na mtuhumiwa ametolewa. Wakiwa mlangoni, mlalamikaji ametoa mfukoni ufunguo wa pili wa gari, amempita mkwewe, ameuweka mkononi mwa shahidi na kusema, "Marahaba, fundi."